Kifuniko cha Tairi la Obed

Kuna mafundi wanaotambulika kwa mkono, lakini Vitalis alitambulika kwa masikio. Chochote alichokitengeneza, iwe sanduku, kabati, banda la kuku au hata ubao wa kukatia nyama, alikitia vishikio vya kamba ya katani: viwili kama ni kidogo, vinne kama ni kikubwa. Alizoea hivyo tangu ujana wake katika karakana ya shamba la mkonge kule Kimamba, ambako msimamizi alikuwa hapokei kifuniko kisicho na pa kushika. Shamba lilipokufa na karakana ikafungwa, Vitalis alibeba randa yake, patasi zake na tabia yake hiyo, akahamia Ulaya. Nasema Ulaya hii yetu, iliyo kati ya Kilosa na Mikumi, isije mtu akadhani mzee alipanda ndege. Mkewe Hildegarda alikuwa akimtania kwamba siku zake zikifika atajichongea jeneza mwenyewe, alitie masikio, kisha alale humo awaite wabebaji.

Hapo Ulaya alitengeneza makochi. Zilikuwa zile enzi za ruksa, vitu vilipoanza kuingia kwa fujo: mitumba, redio, sponji za rangi, sabuni zinazonukia mpaka mtu anajiuliza kama ni za kuogea au za kulamba. Waliokuwa wakikalia vigoda sasa walitaka makochi. Sponji ilikuwa ghali, kwa hiyo Vitalis alijaza ndani nyuzi za katani alizoletewa kutoka Kimamba, na juu akatandaza sponji kidogo ya kudanganyia makalio. Hakuwa tajiri, lakini hakulala njaa. Kilichompungukia alikijua, na hakikuwa kitu cha kununua. Alitaka mjukuu.

Costancia alikuwa mtoto wao wa pekee. Aliolewa na Ngeleja, kijana wa Kisukuma aliyekuja na wazazi wake na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa, mpole, mchapakazi, anayemheshimu mkwe mpaka mkwe mwenyewe anachoka. Mimba ya kwanza ilipoingia, Vitalis alishindwa kujizuia. Alichagua mbao za mninga akatengeneza kitanda kidogo, akakizungushia ukingo, na pembe zote akazipiga msasa mpaka zikawa mviringo, ili vidole visije vikaumia. Kina mama wa jirani walipopita na kukiona uani kikikauka vanishi, waliangaliana. Kwao mtoto ambaye hajazaliwa hatayarishiwi kitu. Hanunuliwi nguo, hatafutiwi jina. Ukitangulia kumtayarishia, unamchuria.

Mwezi wa saba mimba ikaharibika. Hakuna aliyemwambia Vitalis neno, na huko kutoambiwa ndiko kulikomuumiza zaidi. Alikifungua kitanda kipande kwa kipande, akazifunga mbao pamoja kwa kamba, akazipandisha darini.

Mimba ya pili hakuna aliyetayarisha hata pini, nayo ikatoka vilevile. Kwa hiyo ya tatu ilipoonekana, nyumba nzima iliishi kana kwamba hakuna jambo. Costancia alirudi kukaa kwa wazazi wake apate kutunzwa, tumbo likakua, na watu wakazungumza habari za mvua. Vitalis aliliona tumbo lile likipita uani na mikono ikamwasha. Aliishika randa, akairudisha. Alikuwa na hofu, tena hofu ya kitoto kabisa, kwamba hata kukiwaza kitanda moyoni kungetosha kuleta balaa.

Mkunga mmoja wa hospitali ya Mikumi, aliyemjua Costancia tangu zile mimba mbili, ndiye aliyetoa maagizo. Mwezi wa nane ukiingia, binti aletwe akae karibu na hospitali. Aletwe akiwa amelala kwa ubavu, asiketi, asisimame bila sababu, na asitikiswe. Barabara yenyewe wakati huo ilikuwa mashimo yaliyounganishwa na mashimo mengine, na aliyesema asitikiswe bila shaka hakuwa ameipita siku za karibuni.

Gari la kufaa lilikuwa moja tu, la Obed. Huyu Obed alikuwa jirani mwenye duka, na mwaka ule biashara ya mitumba ilimnyookea akanunua stesheni wagoni iliyokwisha kutumika huko Japani. Lilikuwa gari jeupe, zuri, redio yake inaongea. Kasoro yake ilikuwa moja: ule ubao wa kufunika tairi la spea ndani ya buti haukuwemo. Ulipotelea wapi kati ya Japani na Ulaya, hakuna aliyejua. Ukifungua mlango wa nyuma, ulikutana na shimo la mviringo na tairi limejilaza ndani yake. Mizigo ya Obed ilitumbukia humo kila siku, na kila siku aliitoa akaendelea na safari zake.

Kisha Jumatano moja asubuhi akaja kwa Vitalis.

"Shikamoo, Mzee Vitalis."

"Marahaba, Obed. Kochi limevunjika?"

"Kochi zima, mzee. Nataka unitengenezee kifuniko cha lile tairi kwenye buti. Mizigo inatumbukia."

Vitalis aliinua macho. Mbele ya jiko, Costancia alikuwa amejilaza kwenye mkeka anachagua mchele, tena punje moja moja, kama mtu asiyesikia kitu.

"Mizigo gani?" Vitalis akauliza.

"Mizigo tu. Ya kawaida." Obed alikohoa. "Ila kifuniko kiwe kirefu, kije mpaka juu ya viti vya nyuma nikivilaza. Kiwe kama urefu wa... wa mtu mzima hivi."

"Mizigo mirefu."

"Mirefu, mzee. Na haitaki kutikiswa."

"Unaisafirisha lini?"

"Jumamosi."

"Basi lete gari nilipime tairi," Vitalis akasema.

Wote watatu walikuwa wameelewana, na hakuna aliyetamka. Costancia aliendelea na mchele wake, lakini baba yake alimwona akitabasamu kwenye ungo.

Alilipima tairi, ndiyo, ili haki itendeke. Kisha akapima kila kitu kingine mara nyingi zaidi: mwinuko wa viti vilivyolazwa, upana wa buti, mahali kiuno kitakapofika. Obed alileta plaiwudi. Lakini plaiwudi peke yake juu ya shimo hubonyea katikati, kwa hiyo ilihitaji mbao za kuishikilia kwa chini urefu wote, kavu, nyepesi, zilizokwisha kutulia. Pale kibandani kwake kulikuwa na mkaratusi mbichi tu, ambao ungejikunja kabla ya Ijumaa. Mbao kavu zilizotulia zilikuwa mahali pamoja, naye alipajua.

Alingoja Hildegarda aende kwenye sala za jumuiya, akapanda darini.

Tusimsingizie kwamba ilikuwa shida ya mbao tu. Angeweza kuazima kwa fundi mwingine. Ukweli ni kwamba alitaka mtoto huyo, awe wa kukaa au wa kupita, alalie kazi ya babu yake angalau mara moja. Alizifuta vumbi mbao zile kwa kiganja, akaanza kupiga randa, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze alijisikia mzima.

Hildegarda aliporudi, alikuta mbao zimekwisha kukaa chini ya plaiwudi na mumewe anatandaza nyuzi za katani kwa juu.

"Baba Costa, hicho nini?"

"Kifuniko cha tairi."

Alikizunguka. Alikuwa mwanamke wa kupapasa vitu, hakununua hata nyanya bila kuibonyeza. Akapitisha mkono chini ya ukingo, mkono ukasimama.

"Tangu lini tairi likataka pembe za mviringo?"

Vitalis aliendelea kutandaza katani.

"Umezishusha," Hildegarda akasema. "Umezishusha mbao zile, umlaze mwanangu juu yake. Baba Costa, huogopi? Unataka utuchurie tena?"

"Naogopa," Vitalis akasema. "Lakini nikiweka mkaratusi mbichi utajikunja, na yeye atakuwa juu yake. Hizi zimekauka, hazitalia wala kumtikisa. Kama unaona zina kosa, niambie niweke nini, nami nitaweka hichohicho."

Hildegarda alikaa juu ya gogo akalia. Alilia kwa mimba ya kwanza, ambayo hakuwahi kuililia mbele ya mumewe, akaunganisha na ya pili. Kisha akajifuta kwa upindo wa kanga, akaingia ndani, na Vitalis akajua ndiyo basi, kazi imekufa. Akaanza kutafuta bisibisi afungue. Lakini mama yule alitoka tena, mkononi ana kitenge chake cha wakati wa Pasaka, kile asichokiazimisha hata kwa dada yake.

"Lile gunia ulilotaka kulishonea juu litamkwaruza," akasema. "Tairi lako."

Walishona pamoja hadi jua likapoa, yeye upande huu na mumewe upande ule, wakipokezana shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia. Vitalis alipoanza kutoboa pembe apitishe kamba za vishikio, Hildegarda alimtazama.

"Hata hiki?"

"Hata hiki."

"Kifuniko cha tairi chenye masikio. Obed atachekwa mpaka Dumila."

Ijumaa walikijaribu. Kilikaa ndani ya gari kana kwamba kilizaliwa nalo, kimoja kizima, kutoka mlango wa nyuma hadi migongoni mwa viti vya mbele, laini, chenye maua ya kitenge. Obed alikizunguka akisifu, halafu akajikuna kichwa.

"Na tairi nikilitaka, mzee?"

"Utalitaka la nini? Wewe endesha taratibu."

Hapo ndipo fundi wa miaka mingi alipofanya kosa ambalo hata anayejifunza kushika nyundo asingelifanya. Alitengeneza kifuniko cha tairi, akalisahau tairi.

Jumamosi waliondoka umande ukiwa bado kwenye majani. Obed alishika usukani, Ngeleja akakaa kando yake, akigeuka nyuma kila mara mpaka shingo ikamuuma. Costancia alilala kwa ubavu wa kushoto. Mama yake alijikunja kichwani pake na Vitalis miguuni, magoti yamegusa kidevu. Gari lilikwenda mwendo wa maiti, baiskeli zikilipita. Kila shimo Obed aliomba radhi, na kila shimo Vitalis alisikiliza ubao wake. Haukulia.

Walikuwa wamefika kwenye miombo, mbali na nyumba za watu, Costancia alipoushika mkono wa mama yake akauminya. Uchungu ulikuwa umeanza, mapema kuliko hesabu za mkunga. Hildegarda alifunua kidogo, akaona doa la damu kwenye maua ya kitenge. Vitalis alimwona uso ukibadilika.

"Obed, mwanangu," mama akasema, "kaza mwendo kidogo."

Obed akakaza. Na hapo hapo gari likalia pu, likayumba, likasimama kando ya barabara. Tairi la mbele lilikuwa limepasuka.

Obed alishuka na jeki, akaja mbio nyuma, akafungua mlango wa buti, akabaki amesimama. Ngeleja akaja, naye akasimama. Tairi la spea lilikuwa salama salimini chini ya kifuniko, na juu ya kifuniko alikuwa Costancia. Vitalis aliwaangalia wale vijana wawili, akaelewa alichokifanya.

"Baba," Costancia akasema, "nimelilalia tairi."

Alicheka, kisha uchungu ukamkata kicheko. Alitaka kujiinua.

"Usithubutu!" Hildegarda akamkemea. "Damu hiyo inatoka, unainuka kwenda wapi?"

Pembeni mwa barabara palikuwa tope la mvua ya juzi na miiba, hapakuwa na pa kumlaza. Vitalis alishuka, akashika kichwa. Mbao, akawaza. Wale kina mama hawakukosea. Nimemtangulia tena mtoto huyu, na safari hii nimemzibia njia.

Ng'ombe walianza kuvuka barabara, na nyuma yao wakaja wafugaji wawili wa Kimaasai, Lemomo na mwenzake Sapit, aliyemzidi umri. Waliiona hali kabla ya kuambiwa.

"Shikamoo, mzee," Lemomo akasema. "Gari limekufa?"

"Marahaba. Gari halijafa, mwanangu. Tairi liko chini ya mgonjwa, na mgonjwa hatakiwi kuinuka."

Lemomo aliinama akachungulia ndani. Akaligusa sikio moja la katani kwa ncha ya fimbo yake, akahesabu na mengine kwa macho.

"Sasa mzee, kitu chenyewe kina mikono," akasema. "Si tumbebe humo humo?"

Vitalis alimtazama kama mtu aliyeamshwa. Alikuwa ameviweka vishikio vile bila kuwaza, jinsi mtu anavyofunga vifungo vya shati.

Fimbo zikachomekwa kwenye tope. Wakauvuta ubao taratibu, Hildegarda akimshika binti kichwa, na kila pembe ikapata mtu: Lemomo, Sapit, Ngeleja. Obed alikuwa wa kutoa tairi. Pembe ya nne Vitalis aliishika mwenyewe.

"Mzee, acha, nitashika mbili," Ngeleja akasema.

"Siachi."

Wakainua. Kamba ya katani ilimkata Vitalis kiganja, na mabega yalilia kwa niaba ya ule ubao ambao haukulia. Obed aliingia ndani ya buti hadi kiunoni, akawa anahangaika na parafujo ya tairi, ambayo bila shaka haikuwahi kufunguliwa tangu Japani. Ng'ombe walisimama wakaangalia. Vitalis aliomba kwa kila fundo alilolifunga, amtaje mtakatifu gani alikuwa hakumbuki tena.

Costancia alikuwa anamtazama.

"Baba, usiniangushe."

"Sijawahi."

Mkono wa Costancia ulikuwa chini ya ukingo wa ubao, umeishika pembe. Aliipapasa kwa kidole gumba.

"Hizi ni zile," akasema polepole.

Vitalis alitaka kuomba msamaha, lakini binti alimtangulia.

"Nilizijua tangu nyumbani, baba. Nimezishika njia nzima. Zinanipa nguvu."

Tairi likatoka. Wakamrudisha ndani, na Obed akafunga tairi huku Ngeleja akilishikilia gari kwa mikono, kana kwamba lingekimbia. Kabla ya kuondoka Sapit aling'oa majani mabichi kando ya barabara, akayaweka miguuni pa Costancia, kwani kwao majani ni heri na amani. Akasema maneno ya Kimaasai ambayo hakuna aliyeyaelewa, na kila mtu akayaitikia.

Mkunga aliwapokea Mikumi mlangoni. Costancia akaingizwa ndani, mama yake na Ngeleja wakamfuata. Vitalis alibaki nje, ameketi kwenye ukingo wa buti lililo wazi, viganja vimechubuka, na kando yake majani ya Sapit yananyauka juu ya kitenge. Obed alimletea chai. Ikapoa.

Jua lilipokuwa linateremkia milimani, Hildegarda alitoka. Alitembea polepole kwa sababu miguu ilikuwa imechoka kwa kusimama kutwa. Akaja akasimama mbele yake, na machozi yalikuwa yanamtoka, naye hayafuti.

"Baba Costa," akasema, "sasa unaweza kusema."

"Kusema nini?"

"Ulichokuwa unakitengeneza."

Ndani ya jengo mtoto alilia, kilio chembamba chenye hasira.

"Kitanda," Vitalis akasema. Akarudia, "Nilikuwa namtengenezea kitanda." Akajifunika uso kwa viganja vile vilivyochubuka, akalia mbele za watu, wala hakuona haya.

Mtoto alikuwa wa kike, na Costancia naye alikuwa salama; wakamwita Paulina. Waliporudi Ulaya, Vitalis aliukata ule ubao mahali pamoja. Kipande cha nyuma alimrudishia Obed, safari hii kimetobolewa tundu la kidole, mtu akilitaka tairi alipate. Kipande cha mbele, chenye mbao za mninga na pembe za mviringo, alikitia ukingo na miguu minne mifupi. Vishikio vyake viwili aliviacha, akaongeza viwili upande uliokatwa.

Kila asubuhi, jua likishapata joto kidogo, yeye na Hildegarda walikitoa kitanda nje, mmoja kichwani, mmoja miguuni, mjukuu akiwa bado usingizini. Jirani akipita na kuuliza mtoto yuko wapi, Hildegarda alimjibu bila hata kugeuka.

"Amelala kwenye kifuniko cha tairi. Baba Costa, inua na upande wako."